Zimwi na Mbegu za Viazi za Sekela

Haya, sogeeni motoni, na mwenye usingizi akalale kwao!

Palikuwa na mjane, Sekela, mwenye watoto wanne na tenga moja la mbegu za viazi. Zimwi la mlimani lilikuwa limeshakula mbegu za kijiji kizima.

Sekela akawaza: nikizificha gizani, zitachipua vijiti vyeupe, dhaifu kama uzi, na watoto watalala njaa. Basi akazitandaza barazani, penye mwanga pasipo jua.

Siku ya tatu zimwi likaja. "We mama, nipe hivyo viazi!"

"Bado havijachipua, bwana mkubwa. Utashiba nini?"

Likaondoka, maana mazimwi yana tumbo, akili hayana.

Siku ya kumi likarudi. "Vimechipua?"

"Kidogo tu, kama punje ya mtama. Ngoja vinenepe."

Zimwi likaondoka tena.

Siku ya ishirini likakaa barazani kabisa. "Leo nisipokula viazi, nakula watoto."

"Kula basi," akasema Sekela.

Likabugia konzi tatu. Kiazi kilichopigwa mwanga kikawa kijani ni kichungu, tena kina sumu. Hilo analijua kila mkulima, ila zimwi halijawahi kushika jembe. Likavimba, likavimba, likavimba, likapasuka likawa ukungu.

"Mchawi wewe!" ukungu ukalia.

"Mchawi mama yako!"

Akavipanda vilivyobaki siku hiyohiyo, na kila shimo alilofukia aligeuka kuutazama ule ukungu.

Ngano imeishia shambani. Mimi narudi jikoni.