Macho ya Fundi Sikio

Mwanadamu ni kiumbe wa ajabu. Akipata kovu la ushujaa hulionyesha hata kwa wageni, lakini akipata ugonjwa unaompunguzia heshima huufunika kama paka afunikavyo uchafu wake. Hula nao, hulala nao, huulisha kimya chake mpaka unanenepa. Wahenga walilijua hilo, wakasema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Ila hawakusema kilio hicho kitakuwa cha nani, na hapo ndipo yalipomkuta Fundi Sikio.

Jina la Sikio hakupewa na wazazi wake, alilipata gereji. Kwa miaka thelathini na moja alitengeneza pikipiki, na hasa kabureta, kile kidude cha ukubwa wa ngumi kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Mafundi wenzake walihitaji vipimo. Yeye aliinamisha kichwa, akaisikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua, akazungusha skrubu robo mzunguko na kusema, "Hapo." Na kweli ikawa hapo. Alipostaafu aliihamishia kazi kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yake, penye meza iliyolowa grisi na makopo ya skrubu. Mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, alishona chumba cha mbele. Majirani waliwatania kwamba nyumba ina mafundi wawili, na mlango wa choo mwaka wa tatu huu haufungi.

Macho yalianza kumsaliti taratibu. Kwanza vilipotea vitu vya pembeni. Mtu aliyemjia kutoka kushoto, Sikio alimwona amekwisha kufika. Ikawa kama anautazama ulimwengu kupitia bomba. Kisha ukungu ukaingia ndani ya bomba lenyewe.

Hakumwambia mtu. Kaka yake mkubwa alikuwa amepofuka angali na nguvu zake, na Sikio hakusahau jinsi ndugu walivyomkalisha kwenye kiti karibu na mlango, wakawa wanazungumza juu yake kana kwamba na masikio yamekufa. "Amekula?" waliulizana, naye yupo pale pale, mdomo anao. Sikio aliapa moyoni kwamba yeye hataulizwa kwa watu.

Basi akajifunza ujanja. Alihesabu hatua kutoka kitandani hadi barazani. Makopo ya skrubu aliyapanga kwa ukubwa, akayasoma kwa vidole. Akijikwaa alifoka, "Nani kaweka kigoda hapa? Hii nyumba au bohari?" Wateja walioleta breki na nyaya za umeme aliwarudisha, akisema siku hizi anagusa kabureta tu, kwa kuwa mengine ni kazi za watoto.

Mkewe hakuwa mjinga. Zamani mumewe ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano jioni zikiingia.

"Baba watoto, nitungie uzi huu," alimwambia siku moja.

"Mikono ina petroli."

"Na jana ilikuwa na petroli. Na juzi."

"Mimi ni fundi pikipiki, si fundi nguo."

Mkewe akaweka sindano chini. "Twende hospitali ukapimwe. Asubuhi moja tu, tunarudi."

"Macho yangu hayana tatizo! Tatizo ni wewe, unanichunguza kama askari."

Maneno yalitoka makali kuliko alivyokusudia, lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Tangu siku hiyo mkewe alifunga kinywa, akawa anaondoa vigoda njiani bila kusema lolote. Hivyo wakaishi miaka miwili, mmoja akijifanya anaona na mwingine akijifanya haoni.

Walikuwa na binti mmoja. Sikio alimpa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuwahi kumwita ila "mama". Kazi yake binti huyo ilikuwa kupima maji ya visima na chemchemi za vijiji vya juu, kujua yepi yananyweka na yepi yanaua. Njia ya huko ilikuwa nusu lami, nusu mawe, ndiyo maana idara ya maji ilimpa pikipiki ndefu yenye tairi za meno, iliyoweza lami na iliyoweza mawe. Aliipanda vizuri kuliko wanaume wengi wa idara ile, na kabureta yake haikuguswa na mkono mwingine ila wa baba yake.

Jumamosi moja mchana akaileta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Huyu farasi wako anakohoa. Nimemsikia tangu kule kona."

Binti alicheka. "Tambarare hana neno. Lakini mlimani, nikimwongezea moto ghafla, anasita kwanza, kama mtoto anayetumwa dukani katikati ya mchezo."

"Kijeti cha moto mdogo kimeziba. Vumbi lenu hilo la milimani. Nipe nusu saa."

"Nikae nikuangalizie?"

"Ukae unizibie mwanga? Nenda ndani ukanywe chai na mama yako."

Sikio alifunga koki ya petroli, akalegeza vibano, akaichomoa kabureta na kuilaza mezani. Alipofungua bakuli lake la chini, petroli iliyobaki ilimwagika sahanini, na vidole vyake vikakutana na mchanga laini kama unga. Akatoa kijeti cha shaba kinachopitisha petroli, kitundu chake chembamba kuliko unywele, akakisafisha na kukipuliza mpaka pumzi ikapita na kutoa filimbi nyembamba. Boya linaloelea bakulini alilipima kwa kidole gumba. Sindano ya kabureta ikarudi mahali pake. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho, na alipokuwa akiifanya alisahau kwamba hana.

Ulibaki waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye mkono wa kulia wa usukani, ambao mpandaji akiuvuta injini hupata moto na akiuachia hutulia. Alipokuwa akikiingiza kichwa cha waya huo kwenye tundu lake, kitu kikamchoma kidole. Kilikuwa chembamba na kikali kama mwiba wa samaki. Akanyonya damu.

Fundi wa miaka thelathini na moja hahitaji kuambiwa maana ya mchomo kama ule. Waya wa mafuta husukwa kwa nyuzi za chuma. Uzi mmoja ukikatika hutokeza nje kama unywele. Zikikatika nyingi, siku moja hukwama ndani ya ganda, na injini hubaki imevutwa hata mpandaji akiuachia mkono. Lakini huenda pia ilikuwa taka ya chuma tu, imenasa kwenye grisi. Swali hilo lilihitaji jicho moja zima kwa sekunde mbili. Sikio aliuinua waya hadi puani, akaugeuzia mwangani, akausogeza mbali, akaurudisha. Aliona ukungu, na ndani ya ukungu mstari.

Kutoka ndani alisikia mkewe na bintiye wakicheka. Angeweza kuita, "Mama, njoo uniangalizie hapa." Maneno manne. Yalimfika kooni kabisa. Kisha akamkumbuka kaka yake kwenye kiti cha mlangoni, na maneno yakarudi yalikotoka. Alipitisha kidole mara ya pili, polepole, na safari hii hakikuchomwa.

"Ni taka," akajiambia, akafunga kifuniko.

Injini ilipowaka aliinamisha kichwa. Akazungusha skrubu ya hewa kidogo nje, kidogo ndani, mpaka mngurumo ukanyooka kama uzi. Binti alitoka, akaujaribu mkono wa mafuta, na injini ikaitika papo hapo. "Baba, wewe ni wewe!" alisema, akampiga begani. Mzee alitabasamu, na usiku huo akala vizuri.

Jumatatu saa nne asubuhi binti alikuwa akishuka kutoka kijiji cha mwisho, chupa za maji ya kupimwa zikiwa ndani ya sanduku nyuma yake. Penye kipande kilichonyooka aliongeza moto. Kona ilipokaribia akauachia mkono wa mafuta, lakini injini haikuachia. Alishika breki, injini ikazidi kumsukuma. Akakumbuka kitufe cha kuzimia, kidole gumba kikakitafuta na kukipata, lakini kona ilikuwa imempata kwanza. Wachunga mbuzi ndio waliomtoa chini ya pikipiki. Walimfunga mguu wa kushoto kwa shuka na kumbeba hadi barabara kuu.

Madaktari walijaribu siku nzima. Jioni wakaukata mguu, chini kidogo ya goti.

Kesho yake Sikio na mkewe waliruhusiwa kuingia wodini. Mlangoni mkewe alisimamishwa na muuguzi aliyetaka kumpa maelezo. Sikio hakuweza kungoja. Alisikia mtu akiguna kwa maumivu upande wa dirishani, akaifuata sauti hiyo, akakipapasa kitanda na kupiga magoti. Akaushika mkono wa aliyelala pale, akauweka shavuni, akaangua kilio ambacho wodi ile haikuwahi kukisikia kwa mwanamume.

"Mama! Mama yangu, ni mimi baba yako. Nimekuja, mama. Nisamehe!"

"Mzee," ilisema sauti ya chini, "mimi siye."

Hakusikia. Alizidi kulia na kuuchua mkono ule, mkono wa mwanamke mwenye mvi, mnene, anayemzidi yeye umri. Wagonjwa walianza kunyanyua vichwa. Mmoja alitaka kucheka, kisha akaona hakuna cha kuchekesha.

"Baba." Sauti ilitoka ng'ambo, kitanda cha tatu ukutani. "Baba, mimi niko huku."

Sikio aliinuka, mikono imetangulia mbele, akagonga chuma cha kutundikia dripu, akapapasa hewa. Mkewe alikuwa bado mlangoni na muuguzi, akaona yote. Akaenda kumshika kiwiko, akamwongoza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Tangu lini?" binti aliuliza, babaye alipoketi.

"Miaka miwili."

"Kwa hiyo Jumamosi ulikuwa huoni."

Mzee aliukamata ukingo wa kitanda.

"Mkono wa mafuta uligoma kurudi, baba. Niliuachia kabisa. Waya ulikuwa na nini?"

Angeweza kusema hajui, na hakuna ambaye angembishia. Lakini uongo nao huchosha. "Ulinichoma kidole," alisema. "Nikajiambia ni taka."

"Mimi nilikuwa ndani. Hatua kumi."

"Najua, mama."

"Hatua kumi, baba." Akageuza uso ukutani.

Wiki hiyo hiyo mkewe alimpeleka kwa daktari wa macho, naye alikwenda kama mtoto anayeburutwa, bila kubisha. Daktari alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akazima taa yake.

"Ni presha ya macho, mzee. Mara nyingi hutembea katika ukoo. Yupo ndugu aliyepofuka?"

"Kaka yangu."

"Basi wewe ungekuwa wa kwanza kuja. Miaka miwili iliyopita matone ya kila siku yangelinda ulichokuwa nacho. Kilichokwisha kupotea hakirudi."

Mkewe alimwongoza kwa kiwiko mpaka nyumbani. "Nilidhani nimelala na mume," alisema akifungua mlango. "Kumbe katikati yetu ililala siri yako, na mimi nikaifunika shuka." Akaingia ndani, akalia peke yake nyuma ya cherehani.

Binti alipona kwa namna ambayo watu waliokatwa kiungo hupona. Idara ilimpa meza ofisini, akawa anaandika takwimu za maji ambayo wengine wanapanda milimani kuyachota. Siku aliyokuja nyumbani kwa magongo, alikaa karibu na baba yake kwa muda mrefu, akamwekea matone machoni kwa mkono wake mwenyewe, ingawa yalikuwa ya kutunza kivuli kilichobaki tu. Mzee alijipa moyo.

"Umenisamehe, mama?"

Binti alifunga kichupa cha dawa, akakiweka mezani.

"Mguu nimekusamehe, baba. Kunificha, bado."

Sikio aliinamisha kichwa kusikiliza kama kuna neno jingine linakuja. Halikuja. Alisikia magongo yakigonga sakafu, moja, mbili, moja, mbili, mpaka nje. Alikuwa amelinda heshima yake kwa miaka miwili, na gharama yake ikalipwa na mtu mwingine. Ama kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.