Rehani Iliyokombolewa na Mto

“Rehani ya bondeni hukombolewa na mto.” Mmeisikia methali hii leo mkutanoni, vijana, mkaniuliza imetoka wapi. Ilianzia hapahapa Lukonde.

Zamani chama chetu cha akiba na mikopo kiliwapendelea watu wa bondeni, kwa sababu mashamba yao ya mpunga yalikuwa na thamani kubwa. Mtu aliweka shamba rehani, akapewa mkopo. Wa mlimani, wenye maharage na migomba, waliambiwa wangoje.

Mwenyekiti alikuwa Bi Mwajabu Mkude. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiona masika yanachelewa, kisha yanamwagika yote kwa mkupuo, na mto unapanda kuliko wazee walivyoujua. Shemeji yake Kobelo alipoomba mkopo wa trekta dogo, Mwajabu alishuka kwanza kulitazama shamba. Alirudi na matope magotini, akaitisha mkutano.

“Shemeji,” akamwambia mbele ya watu, “ukishindwa kulipa, chama kitachukua nini?”

“Shamba. Si nimeliweka rehani?”

“Nimetoka huko. Nusu yake sasa wanalima kambale.”

Watu wakacheka. Kobelo hakucheka. “Mto hula, kisha hurudisha. Baba yangu aliyaona hayo.”

“Baba yako hakuziona mvua hizi. Na ukiharibikiwa wewe, wenzako wote wa bondeni wataharibikiwa siku hiyohiyo. Tutamdai nani?”

Akashika msimamo: mikopo ya bondeni ipunguzwe, wa mlimani nao wakopeshwe, na sehemu ya faida iwekwe benki mjini, isiguswe. Kura zikampa ushindi, lakini baada ya maneno makali. Kobelo akapewa mkopo mdogo kuliko aliouomba, akaacha kwenda kula kwa shemeji yake, na hilo lilimuuma Mwajabu kuliko matusi ya wengine.

Misimu michache baadaye mto ukahama njia yake. Watu walikimbilia mlimani mapema, wakapona. Mpunga wote ukabaki chini ya maji. Ikavuma kwamba wakopaji hawataweza kulipa, na wenye akiba wakajazana mlangoni pa chama, kila mmoja akitaka chake kabla hakijaisha. Mwajabu alikuwa amekwisha kuzitoa fedha za mjini. Mhasibu akashauri wafunge mlango.

“Tukifunga, wataamini hatuna,” Mwajabu akasema. “Fungua. Anayetaka chake apewe.”

Alijua fedha zile, pamoja na marejesho ya mlimani, zingewatosha wengi, si wote. Hata hivyo alikaa mezani akilipa mtu mmoja mmoja, akiwauliza habari za watoto. Waliokuwa nyuma wakaona wa mbele wanalipwa bila ubishi. Kufika alasiri foleni ikaanza kumeguka. Mama mmoja akazirudisha alizochukua, akisema nyumbani kwake zitaliwa na mume.

Mwishoni akaja Kobelo, nguo zimelowa.

“Shemeji, nilisema utachukua shamba,” akasema. “Rehani yangu mto umeshaikomboa.”

Mwajabu akamsogezea kiti. “Kaa. Mlimani kuna ardhi inakodishwa. Tuzungumze mbegu za maharage. Kisha twende nyumbani ukale.”

Maneno ya Kobelo yakasambaa, na chama kikasimama mpaka leo. Basi mkienda kuomba mkopo, mkaulizwa shamba lenu liko juu au chini, msinune. Rehani ya bondeni hukombolewa na mto.