Nishani za Bwana Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mgeni asiyeshiba, ataulizwa lini atokako?

Ngojeni. Jibu limo katika ngano hii.

Hapo kale, mwilini mwa mtoto Mwanakheri, palikuwa na mji. Mlinzi wake alikuwa Mzee Chatu: kinywa kama pipa, macho hayaoni hata pua yake. Na mji ulikuwa na ada: mgeni haulizwi neno mpaka ashibe.

Siku moja, huko puani, hodi hodi! Akaingia Bwana Fisi, jina lake Surua, kanzu ya darizi mpaka miguuni.

"Karibu mgeni, kula ushibe," akasema Chatu.

Fisi akala kooni. Nyofu, nyofu!

"Umeshiba, mgeni?"

"Bado."

Akala kifuani. Nyofu, nyofu!

"Umeshiba, mgeni?"

"Bado kidogo."

Mji ukawaka moto. Mwanakheri akatoka vipele, pumzi zikawa za kuvuta kwa kamba.

Akasimama Sisimizi, binti wa Mama Kingamwili. Ana mkia mmoja na mikono miwili iliyochanuka kama panda ya manati.

"Mzee, nina swali. Mtoto akifa, huyu mgeni atashibia wapi?"

"Keti, binti. Mambo ya wageni si ya wadogo."

Sisimizi akaketi, lakini moyoni anachemka. Yaani fisi aruhusiwe kumaliza mji, yeye asiruhusiwe kumaliza hoja?

Akamwita dada yake aliyemnasa Mafua mwaka jana. Dada akaishika kanzu ya Fisi: sirrr! Akateleza. Akamwita aliyemnasa Tetekuwanga: sirrr! Kila mgeni ana darizi yake, na kila binti mikono ya darizi moja tu. Akajaribu yeye mwenyewe: nge! Mikono ikakaa sawasawa.

"Mama! Zaa wengine kama mimi, upesi!"

Mama Kingamwili akazaa siku saba mfululizo, maelfu kwa maelfu, mikono ile ile.

Sisimizi akamwendea Fisi. "Shikamoo, bwana mkubwa. Mlaji hodari kama wewe, kifuani huna hata nishani moja?"

"Marahaba. Nishani? Nipeni zote!"

Wakamrukia. Nge, nge, nge! Kifuani, mgongoni, kwenye makucha, mikia yote ikitazama nje. Fisi akataka kufungua chumba kingine cha mji ale, makucha hayafunguki.

"Mbona zinabana?"

"Heshima ina uzito wake, bwana."

Kisha Sisimizi akamgeukia Chatu. "Mzee, mimi sina swali tena. Ila mgeni hujamuaga."

Chatu akatoa ulimi kumpapasa mgeni wake. Akagusa mkia. Akagusa mwingine. Mikia hiyo aliijua: wana wa Kingamwili hawamshiki mtu bure.

"Mgeni," akauliza kwa upole, "umeshiba?"

"Ba..."

Gubu!

Mgeni akaishia tumboni mwa Chatu. Mwanakheri akaamka, akaomba uji. Mama Kingamwili naye akaiweka darizi ile kichwani, asiisahau. Tangu hapo akija fisi wa kanzu hiyo, hamalizi hata hodi. "Ho..." Gubu!

Watoto wengine hawangoji wavamiwe. Kliniki huwapelekea kwa chanjo kanzu ile ile, ila fisi wake hana meno, akina Kingamwili wajifunze darizi kwa nafasi.

Ngano yangu imeshiba. Aliyebaki na njaa tumuulize atokako. Na funzo ni hili: mtu mwenye adabu hamuulizi mgeni swali, na binti akiambiwa keti, aketi.

Ila wewe unayenisikiliza, kesho asubuhi mpeleke mwanao akachanjwe.