Shikamoo ya Bi Mize

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na kila nyumba ina mtungi wake, siku ya Ijumaa, tarehe nne ya mwezi wa Mfunguo Tatu, saa nne asubuhi, Bwana Makame wa ukoo wa Digidigi alifariki njiani. Alikuwa amekwenda mbali kutafuta maji. Walimkuta amelala ubavu, na kata yake ya kuchotea maji kando, kavu.

Maji yalikuwapo karibu. Kisima kilikuwa pale pale mjini. Lakini kila mwaka nyumba zenye kwato zilishindana mbio, na nyumba iliyoshinda ndiyo iliyotangulia kisimani mwaka mzima. Nyumba ya Farasi Tufani ilikuwa imeshinda miaka saba. Walikunywa, wakaoga, wakakoroga. Wadogo waliachiwa tope.

Mjane wa Makame, Bi Mize, alikaa eda yake miezi minne na siku kumi. Alisali, akautazama mtungi wake mtupu, akafikiri. Eda ilipokwisha, siku ya mbio ilikuwa imefika. Akatoka, ti-ti-ti-ti, mpaka uwanjani.

Farasi walikuwa wamesimama tayari: Tufani, na wadogo zake wawili, Radi na Kimbunga. Manyoya yao yaling'aa. Bi Mize alipita chini ya matumbo yao, akasimama kwenye mstari.

"He!" Tufani akafoka. "Nani huyu anapita bila kuniamkia?"

"Ni Bi Mize, mjane wa Makame," akasema Kadhi Ngamia, mwamuzi wa mbio. "Amekuja kukimbia."

"Kukimbia? Na miguu hiyo ya vijiti vya mishikaki?" Radi na Kimbunga wakacheka, hi-hi-hiii! Tufani hakucheka. "Kadhi, mimi ni farasi wa nasaba. Babu yangu aliamkiwa, baba yangu aliamkiwa. Weka sharti: asiye na adabu hashindi!"

Bi Mize akainamisha kichwa. "Ni haki, bwana. Lakini nifundishe, mimi sikusoma sana. Sharti hilo ni la wadogo tu, au na la wakubwa?"

"La wote! Mdogo huamkia, mkubwa huitikia. Kuitikia salamu ni faradhi."

"Na mkubwa huitikia huku anakimbia?"

"Astaghfirullah! Hiyo ni tabia ya mbuzi. Sisi tukiamkiwa tunasimama, tunainamisha shingo, tunauliza hali."

"Umesikia, Kadhi?"

"Nimesikia," akasema Ngamia, akitafuna polepole. "Mpaka mwisho wa mbio, asiyeamkia au asiyeitikia, hashindi."

"Basi shikamoo yako nimekuwekea, bwana," Bi Mize akamwambia Tufani. "Nitakupa kabla ya kufika kwenye kamba ya mwisho wa mbio."

"Utanipa ukiwa nyuma yangu maili mbili! Piga baragumu!"

Puuuuu!

Patapata-patapata-patapata! Farasi wakatoka, vumbi timtim. Njia ilikwenda mpaka Kilima cha Chumvi, ikakizunguka, ikarudi kisimani palipofungwa kamba. Kufumba na kufumbua farasi hawakuonekana. Bi Mize akakohoa vumbi lao, akasema "Bismillahi," akashika njia. Ti-ti-ti-ti.

Chini ya kilima alisimama Bi Kanga na vifaranga vyake kumi na viwili.

"Shikamoo, Bwana Tufani!" akaita Bi Kanga.

Tufani akafunga breki za kwato, kwaaa! Katika nyumba yao mdogo hampiti mkubwa, kwa hiyo Radi naye akasimama, na Kimbunga akamgonga Radi, pu!

"Marahaba, Bi Kanga. Hujambo?"

"Sijambo. Watoto, mwamkieni bwana, mmoja mmoja!"

"Shikamoo!" "Marahaba." "Shikamoo!" "Marahaba." "Shikamoo!" "Mara... huyu nimeshamjibu?"

"Bado, bwana. Uliyemjibu ni yule, amehama mahali."

"Watulie basi!"

"Watoto hawa, bwana! Tuanze upya?"

Nyuma ya farasi, ti-ti-ti-ti, kitu kidogo kikapita.

"Kaka," Kimbunga akanong'ona, "yule si mjane?"

"Nyamaza! Nimefika wa tisa."

Alipommaliza wa kumi na mbili, Tufani aliondoka kama risasi. Akampata Bi Mize, akampita, akazunguka kilima. Hamadi! Katikati ya njia ameketi Mzee Kobe, mwenye miaka mia moja na arobaini.

Sasa wanangu, nani wa kumwamkia nani?

"Shikamoo, mzee," Tufani akasema haraka, mguu mmoja juu.

Mzee Kobe akatoa kichwa. Akautazama ule ukwato. Akafumba macho, akafumbua.

"Ma..."

"Naam, mzee."

"...ra..."

Ti-ti-ti-ti. Bi Mize akafika.

"Na yeye!" Tufani akapiga kelele. "Na yeye amwamkie mzee!"

"Nilimwamkia alfajiri, nyumbani kwake, bwana. Aliniitikia kabla jua halijapanda." Akapita.

"...ha..."

Jasho lilimtoka Tufani mpaka kwenye kope.

"...ba. Na hao... nyuma yako... hawana... shikamoo?"

Tufani hakuwasubiri ndugu zake. Akaruka! Patapata-patapata! Hajawahi kukimbia vile, yeye wala baba yake. Ardhi ilitetemeka, maji yakacheza kisimani. Bi Mize alikuwa amebakiwa na hatua kumi, na kifua kinawaka. Akasikia pumzi ya moto mgongoni. Akaikumbuka kata kavu. Hatua tano. Kivuli cha farasi kikamfunika.

Akageuza shingo, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Bwana Tufani! Shikamoo!"

Kwaaa! Kwato nne zikachimba ardhi. Miaka saba ya kuamkiwa si mchezo. Shingo ikainama yenyewe.

"Marahaba, Bi Mize, hali ya ny..."

Hop! Bi Mize alikuwa ng'ambo ya kamba.

Kadhi Ngamia akaacha kutafuna, akasema, "Ameamkia, ameitikiwa, ameshinda."

Loo, vigelegele! Bi Kanga, aliyekuja na watoto wake kwa njia ya mkato, aliruka mpaka manyoya yakamtoka. Vifaranga wakaimba. Tufani akabaki shingo chini.

"Ulinihadaa, mwanamke!"

"Nilikuwekea, bwana, kama nilivyoahidi. Njoo na ndugu zako mnywe. Sisi tukitangulia hatukorogi."

Siku ile wadogo walikunywa maji ambayo uso unajiona ndani yake. Bi Mize alijaza kata ya marehemu, akaenda nayo kaburini, akayanyunyiza maji pole pole mpaka tone la mwisho.

Anayedai heshima kwa nguvu, heshima hiyo hiyo humfunga miguu.

Na Makame, aliyekufa na kiu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ampanulie kaburi lake, amnyweshe maji yasiyo na kiu baada yake. Yeye na wetu wote waliotutangulia. Amin.