Gari la Kulala la Wangila

Wahenga walisema rahisi ni ghali, yaani kilichonunuliwa kwa bei ya kutupa humtoza mnunuzi mara ya pili, na mara hiyo hatoi fedha peke yake. Wangila aliisikia methali hii tangu utotoni kwao Bungoma. Lakini kusikia si kuzingatia.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa dereva wa watalii mjini Kampala, akiendesha magari ya watu. Yeye na mkewe, Nafuna, walitamani kununua gari la kulala, lenye vitanda na jiko ndani, wawapeleke wageni mbugani kwa jina lao wenyewe. Nafuna akauza mkahawa wake wa Wandegeya, uliokuwa ukiwalisha wanafunzi wa chuo, akamkabidhi mumewe fedha zote.

Mtaani Kyambogo walipata gari zima, ila bei yake ilikuwa moto. Kule mtaa wa Naguru, bwana mmoja aliyedai anahamia ng'ambo alikuwa akiuza jingine kwa nusu ya bei hiyo. Lilimeremeta kama bibi harusi. Abdu, fundi aliyekuwa rafiki wa Wangila, alibonyeza ukuta kwa kidole gumba, akanusa kabati, akakunja uso.

"Ndugu yangu, humu maji yaliingia. Zulia jipya, mbona limegandishwa kwa gundi? Tulifunue tuone sakafu."

"Hakuna kung'oa kitu!" muuzaji akadakia. "Saa nane anakuja mwenzenu na pesa mkononi."

"Baba Nasike, tungoje," Nafuna alinong'ona. "Nitakaanga chapati kando ya barabara hata mwaka mzima, tuongezee tuchukue lile la Kyambogo."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Wangila akajibu. Tamaa ilikwisha kumtia pamba masikioni. Saa saba alikuwa ametia saini.

Safari yao ya kwanza ilikuwa ya mbuga ya Murchison, na wageni wawili. Walipofika karibu na Masindi waliegesha gari, wageni wakashuka kupiga picha, naye Nafuna akainjika maji ya chai. Alipoyaepua, sakafu iliyooza ikatitia kama mkate uliolowa. Mguu ukazama hadi gotini, sufuria ikammwagikia mikononi. Wangila alisikia ukelele wa mkewe, akakimbia, akamkuta amenasa, ngozi ikimchunika.

Nafuna alilazwa miezi mitatu. Vidonda vilipona, lakini vidole vilijikunja visiweze tena kushika hata kijiko. Gari liliuzwa kama vyuma chakavu. Wangila akarudi kuendesha magari ya watu, na kila asubuhi kabla ya kutoka humlisha mkewe uji.

"Nitukane basi, Mama Nasike," alimwambia siku moja. "Pengine nitapumua."

"Nikikutukana, vidole vitanyooka?" Nafuna akauliza kwa upole, kisha akafumbua kinywa.

Upole ule ulimchoma Wangila kuliko tusi. Nusu ya bei aliilipa yeye pale Naguru, na nusu iliyobaki mkewe aliilipa kwa mikono yake. Hakika, rahisi ni ghali.