Mia Saba Iliyokataliwa na Mbili

"Vibaba saba havijazi pishi mbili." Mmeisikia asubuhi hii mkutanoni, mwalimu alipomnyamazisha diwani, mkacheka bila kujua mnachokicheka. Sasa mnauliza imetoka wapi. Haikutoka kwa mababu. Ilizaliwa Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka elfu mbili na kumi na saba, saa nne na robo asubuhi, ndani ya ofisi ya kata ya Kwemhanga. Na siku hiyo ndiyo Mzee Semboja alifiwa mara ya pili.

Semboja alilima mpunga, na darasa la tatu hakulimaliza. Mkewe, Bi Mwantumu, alikuwa mpimaji wa kata nzima. Uwe mchele wa fitri au wa harusi, hakuna aliyekubali kipimo mpaka kipite mkononi mwake. Hakuhesabu kwa namba. Alihesabu kwa kuimba, kila kibaba na ubeti wake, na watu waliacha kazi zao wakaja kusikiliza. Mwaka mmoja kabla, watu wa utamaduni walileta kompyuta, wakamrekodi siku nne mfululizo, wakaiacha mashine ofisini iwe mali ya kata. Kisha akaugua. Zahanati haikuwa na dawa, ilikuwa na kalenda ya mheshimiwa ukutani. Akafa na miaka sitini na sita. Picha hakuacha. Iliyobaki ni sauti ile.

Jumanne hiyo ikaja habari kwamba wilaya inaichukua mashine, na iende tupu, isiwe na kitu ndani. Semboja akauza jogoo, akanunua kiflashi, kidude cha kubebea sauti, sokoni kwa Nasra, fundi simu. Nasra akamwambia ni cha giga mbili. Akakanyaga baiskeli mpaka ofisini, jasho likimtoka hata kwenye kope.

Mtendaji wa kata, kijana wa umri wa mwanawe, hakumwamkia. Alikuwa anatazama saa.

"Mzee, unasemaje? Gari ya wilaya iko njiani."

"Naomba sauti ya mama watoto, mwanangu. Uitie humu."

Mtendaji akatazama kioo cha mashine, akatazama kiflashi, akacheka.

"Hii sauti ni mia saba. Wewe umeniletea mbili! Ng'ombe mia saba utawalaza zizi la ng'ombe wawili?"

Watu wa kwenye foleni wakacheka pia, maana mkubwa akicheka mdogo hubaki na nini?

"Haiwezi hata kwa kushindilia?" Semboja akauliza.

"Mzee, hii ni hesabu, si furushi la nguo."

Semboja akakirudisha kiflashi mfukoni. Maisha yake yote alifundishwa kwamba aliyekaa kwenye kiti ndiye aliyesoma. Akasimama palepale akitazama kidole cha mtendaji kikibonyeza. Kazi ya siku nne ikaondoka kwa mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti.

Alirudi sokoni kukirudisha kiflashi. Nasra akamsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Mia saba gani, babu? Alikuambia mia saba za nini?"

"Mia saba tu."

"Zilikuwa mega. Nyimbo za siku nne haziwezi kuwa giga mia saba, mashine yenyewe haina nafasi hiyo. Babu, herufi moja ichukulie ni punje moja. Punje elfu moja na ishirini na nne ni kilo. Kilo elfu moja na ishirini na nne ni mega. Mega elfu moja na ishirini na nne, ndiyo giga moja."

"Basi mega ni kibaba, na giga ni pishi?"

"Ni pishi inayomeza vibaba elfu na ziada. Sauti ya bibi ingeingia humu mara mbili, na nafasi ingebaki."

Semboja akakiweka kiflashi kiganjani. Hakikuzidi ukucha wa kidole gumba. Nasra akachukua kikokotoo, akabonyeza taratibu, akasema kwamba mtu akiandika herufi moja kila sekunde, usiku na mchana, asile wala asilale, giga moja ataijaza baada ya miaka thelathini na minne. Mbili, miaka sitini na minane.

Mzee akakaa chini kwenye vumbi. Maisha yote ya Mwantumu, tangu kilio chake cha kwanza hadi pumzi ya mwisho, herufi moja kwa kila sekunde, yangeingia kwenye ukucha ule, na bado pangebaki miaka miwili mitupu. "Subhana Allah," akasema, akikitazama kama mtu aliyefunuliwa kisima kisicho na sakafu.

Wakarudi ofisini wote wawili. Gari lilikwisha ondoka na mashine.

"Mtendaji," Semboja akasema mbele ya foleni ile ile, "pishi moja ni vibaba vingapi?"

"Vinne. Nani asiyejua?"

"Nikikuletea vibaba saba, vitajaza pishi mbili?"

"Havijazi, mzee. Kitapungua kimoja."

"Lakini saba si kubwa kuliko mbili?"

Mtendaji akageukia saa yake. Safari hii foleni haikucheka. Bibi mmoja akasema polepole, "Vibaba saba havijazi pishi mbili," na watu wakatoka nayo nje, ikaenda masokoni na mashambani, hadi leo. Mtendaji alipandishwa cheo mwaka uliofuata, kama kawaida yao.

Njiani Nasra akamwambia mzee jambo lililozidi yote. Mashine ikiambiwa ifute, haimwagi nafaka. Hubandua tu jina kwenye gunia. Punje hubaki zilipo, hata miaka, mpaka mtu amimine kitu kingine juu yake.

Semboja amekwisha peleka barua kumi na moja wilayani. Kwa hiyo mkitajiwa namba na mkubwa, msitishike na ukubwa wake, ulizeni kwanza ni namba ya nini: vibaba saba havijazi pishi mbili. Nami nawauliza swali la barua zile, ambalo hakuna aliyelijibu: mashine ile ipo ofisi gani, na je, kuna aliyekwisha kumimina kitu juu ya Mwantumu?