Sultani Aliyepiga Video Zote

Palikuwa na sultani huko Pongweni, Zaharani jina lake, aliyekuwa na kila kitu isipokuwa kazi. Akiamka anapewa kahawa, kisha anapewa simu, basi. Jua likizama bado anayo mkononi, kidole kimoja kinapanda na kushuka. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi wengi kuliko watu wa mji wenyewe. Wenye midomo walisema hata mbuzi wa jumba walifunguliwa akaunti.

Sasa ukurasa unataka kulishwa, jamani, na Sultani hakujua kutengeneza hata video moja. Kwa hiyo akatoa amri: video yoyote ikishapita mbele ya macho ya Sultani, imekuwa ya Sultani. Karani wake alifuta jina la aliyeitengeneza, akabandika muhuri wa jumba, akairusha. Chini yake Sultani aliandika kwa unyenyekevu mkubwa, "Kazi ya mikono yangu." Na atakayesema ni yake huyo ni mwizi, anyang'anywe simu na ahamishwe mji.

Watu wakanywea. Mpiga gambusi alisikia wimbo wake mwenyewe kwenye ukurasa wa Sultani, akaupigia makofi kama wenzake. Kinyozi aliona kichwa alichokinyoa jana, akamsifu Sultani kwa wembe mzuri. Siwacheki mie. Nani anataka kuhama mji kwa ajili ya kichekesho cha dakika moja?

Mwanamvua binti Makungu alikuwa tayari. Huyu alikuwa mjane, mpambaji wa maharusi, mdomo wake mwepesi kuliko miguu. Akiwa kazini alipiga video za vichekesho vya mikono: wa kulia mke, wa kushoto mume, wanagombana mpaka unashika mbavu. Uso hauonekani, wake wala wa mtu mwingine. Lakini jina lake lilikaa pale chini, na hilo ndilo lililomlisha. Mama mwenye binti wa kuoza akishacheka, husoma jina, kesho yake hubisha hodi.

Muhuri wa Sultani ulipolifunika jina, hodi zikakoma. Kuna mama mmoja alikwenda mpaka jumbani kuuliza kama Sultani ana nafasi ya kumpamba bintiye. Mwanamvua aliposikia hilo alivaa, akaenda akasimama mbele ya lango la jumba, akatangaza kwa sauti kwamba vichekesho vile ni vyake, vyote. Walimkamata kabla hajamaliza.

Kesi ikasikilizwa barazani kwa Kadhi, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Kadhi alikuwa mtu wa haki, ingawa siku ile macho yalikuwa mazito, kwani ndiyo kwanza ametoka kumwoza binti yake. Sultani alileta ushahidi wake, video iliyopendwa kuliko zote. Bakuli jeupe, ndani kitu laini cha manjano. Mikono miwili imejaa kitu hicho inagombana, na kwa pembeni wanawake wanacheka. Kadhi akataka kiapo. Sultani akaapa mbele ya kadamnasi kwamba video ile aliipiga yeye, kwa simu yake, kwa mkono wake.

Kadhi akamgeukia Mwanamvua, akamwambia kama ana swali aulize.

"Ninalo, Mheshimiwa Kadhi. Maulana, ulituma mtu apige, au ulikuwepo mwenyewe?"

"Nilikuwepo mwenyewe."

"Mlangoni, au chumbani?"

"Chumbani. Nisimame mlangoni, kwani mimi mwombaji?"

"Karibu na bakuli?"

"Nililiinamia."

"Na hao wanawake wanaocheka?"

"Walinizunguka. Walifurahi kuniona."

"Na hicho kilichomo bakulini ni nini, Maulana?"

Sultani akaichungulia simu. Wanaume wenzake nao wakaichungulia, hawakumsaidia kitu.

"Unga wa maandazi," akasema.

"Una hakika?"

"Niliuonja."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akapaliwa. Wa pili akajaribu kumpiga mgongoni, naye akashindwa kwa kucheka.

"Mheshimiwa Kadhi," Mwanamvua akasema, "hiyo ni liwa, ya kupaka mwilini. Ndiyo tuliyomsingia bibi harusi, mlango tumeufunga, na mwanamume haruhusiwi hata kukohoa uani. Muulize mkeo bakuli hilo ni la nani."

Sauti ya mke wa Kadhi ikatoka nyuma ya pazia, taratibu. Bakuli lilikuwa lake, alisema, na aliyekaa mkekani siku ile ni binti yao.

Kadhi akainuka. Hakumtazama tena Mwanamvua. Alimtazama Sultani, huku mkono wake ukiitafuta bakora. Ndugu wa bwana harusi, waliokuja kusikiliza tu, nao wakainuka. Na askari wa jumba, watu wenye dada na binti zao, wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nje.

Kadhi alitaka kujua jambo moja tu: Sultani alikuwemo chumbani kwa binti yake, au hakuwemo?

Jasho likamtoka Sultani, maskini. Akisema alikuwemo, bakora hiyo hapo. Akisema hakuwemo, ameapa uongo mbele ya mji mzima. Akaangaza huku na huku, macho yakamwangukia yule yule mwanamke aliyetaka kumhamisha mji.

"Bibi Mwanamvua," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kumtoka kinywani, "waambie. Waambie video ni yako, uliipiga wewe. Nakuomba."

Mwanamvua akautengeneza ushungi wake bila haraka.

"Ningewaambia, Maulana," akasema, "lakini umekwisha kunifuta. Na mtu aliyefutwa hatoi ushahidi."